Nani Amewaruhusu? Maandamano ya Wanafunzi wa Mlimani na Dhamiri ya Mkristo

Kila Mkristo wa Dar es Salaam aliyewahi kukaa kwenye kamati ya uinjilisti anaijua kazi ya kuandaa mkutano wa Injili wa nje. Kabla kwaya haijaanza mazoezi na kabla mhubiri hajaalikwa, lazima barua iandikwe. Inapitia serikali ya mtaa na inafika polisi. Inataja uwanja, siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na inaeleza vipaza sauti vitaelekezwa wapi. Iwe ni viwanja vya Biafra kule Kinondoni au Zakhem kule Mbagala, utaratibu ni huo huo, na hatuoni kwamba tumedharauliwa. Jirani ana mgonjwa ndani, barabara ina magari, na huenda siku hiyo hiyo uwanja umeombwa na wengine. Barua ile ni adabu.

Lakini tujiulize jambo moja. Je, barua ikirudi na jibu la hapana, si kwa sababu ya jirani wala barabara, bali kwa sababu mkubwa fulani hapendi tutakachokisema? Hapo jambo limebadilika. Utaratibu wa kulinda amani umegeuka kuwa utaratibu wa kuchagua maneno.

Swali hili wanafunzi wa vyuo vyetu wamekuwa wakikutana nalo tangu nchi ilipopata uhuru. Nao si watu wa mbali. Ni watoto wa sharika zetu, waliobatizwa na kupata kipaimara mikononi mwetu, ambao leo wanasoma Mlimani, Chang'ombe, Muhimbili na kwingineko. Chuoni kukichafuka, wazazi wanakuja kwa mchungaji na kuuliza: tumwambie nini kijana wetu? Kabla ya kujibu, inafaa tuijue historia yenyewe, maana wengi wetu tunaisikia nusunusu.

Jumamosi ya mwaka 1966

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima tunachokiita Mlimani, eneo lililokuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa na manispaa yake. Wakati huo kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Mwaka 1966 Serikali ilitaka wahitimu wa elimu ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Muda wote ungekuwa miaka 2. Baada ya kambi, sehemu kubwa ya muda huo mhitimu angefanya kazi yake ya kawaida huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966, wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, waliandamana hadi Ikulu pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mjini. Miongoni mwa mabango waliyobeba lilikuwepo lililosema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Ilikuwa miaka mitano tu tangu uhuru.

Mwalimu Nyerere hakuwafungia lango. Aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akasikiliza tamko lao likisomwa hadi mwisho. Tamko lile lilisema kwamba masharti yasipobadilika, miili yao ingeingia jeshini lakini roho zao zingebaki nje. Ndipo akawajibu kwa uchungu. Aliwaambia kwamba hatamchukua mtu ambaye roho yake haimo, basi warudi makwao. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa siku hiyo. Lakini katika jibu lile lile alikubali jambo moja: kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini. Akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, likiwa na masharti ya uongozi yaliyowabana wakubwa. Mwaka huo huo wengi wa waliofukuzwa wakaruhusiwa kurudi masomoni.

Tuwe waadilifu kwa pande zote mbili. Madai ya wanafunzi yalikuwa ya mifuko yao, katika nchi ambayo mkulima aliyewalipia masomo kwa kodi yake hakuwa na mshahara wa kukatwa. Hata hivyo walipewa nafasi ya kusema, na ndani ya maneno yao ya hasira mlikuwamo chembe ya kweli kuhusu mishahara ya wakubwa. Mwalimu aliiokota chembe ile. Aliwaadhibu wasemaji, lakini neno lao hakulitupa lote.

Kutoka sikio hadi kirungu

Miaka iliyofuata haikuwa hivyo. Mlimani palikuwa na umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF, ambao Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, aliwahi kuuongoza alipokuwa mwanafunzi hapo. Umoja huo ulikuwa na jarida lililoitwa Cheche. Mwezi Novemba 1970 vyote viwili vikapigwa marufuku, ingawa vijana wale walikuwa wakihubiri Ujamaa ule ule uliohubiriwa na chama. Kosa lao halikuwa kupinga siasa ya nchi. Walikuwa wakiisema nje ya mdomo uliokubalika.

Mwaka 1971, mwezi Februari, TANU ikatoa Mwongozo, uliowapa watu wa chini moyo wa kuwahoji viongozi wenye kiburi. Mwezi Julai mwaka huo huo, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, alihoji kwa maandishi uongozi wa chuo. Askari wa FFU wakaingia Mlimani, wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wakagoma kwa sababu ya tendo hilo.

Ikaja Jumapili ya tarehe 5 Machi 1978. Wabunge, mawaziri na viongozi wengine walikuwa wameongezewa mishahara na marupurupu. Wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa Chuo cha Ardhi na Chuo cha Maji, wakaandamana kwenda mjini. Safari hii hawakudai chochote kwa ajili yao wenyewe. Walikuwa wakiukumbusha uongozi juu ya Azimio la Arusha. FFU waliwazuia njiani na kuwatawanya kwa nguvu. Zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa, na chama chao, DUSO, kikavunjwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilicho chini ya Jumuiya ya Vijana ya chama tawala.

Ndugu msomaji, ziweke siku hizi mbili kando kwa kando. Mwaka 1966 wanafunzi walidai kwa ajili ya matumbo yao, wakafika Ikulu na kusikilizwa. Mwaka 1978 walisema kwa ajili ya maskini, kwa maneno ya Azimio la Serikali yenyewe, hawakufika walikokuwa wakienda. Basi njia kufunguliwa si ushahidi kwamba neno ni la kweli, na njia kufungwa si ushahidi kwamba neno ni la uongo. Ruhusa hutolewa na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na sababu zake.

Mwezi Mei 1990 mvutano mwingine ulifanya Serikali ikifunge chuo chote, na milango haikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Kila mara swali la kwanza lilikuwa moja: nani amewaruhusu? Swali la pili, yaani wanasema nini, mara nyingi halikufikiwa.

Mchungaji mbele ya jaji

Mabadiliko ya sheria hayakuanzia chuoni. Yaliletwa na mchungaji. Christopher Mtikila, wa Kanisa la Full Salvation, aliyekuwa pia mwanasiasa, aliishtaki Serikali mwaka 1993 katika Mahakama Kuu kule Dodoma. Alikuwa mtu wa maneno makali, na si lazima mtu akubaliane na siasa zake ili kutambua alichokifanya. Kati ya mambo aliyoyahoji ni sheria ya polisi iliyomtaka mtu apate kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara au maandamano. Sheria hiyo ilitoka enzi za mkoloni, ambaye alikuwa na sababu za kuogopa watu waliokusanyika.

Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu mwezi Oktoba 1994. Hoja yake, kwa lugha ya kawaida, ilikuwa hii: Ibara ya 20 ya Katiba inampa raia haki ya kukusanyika kwa amani. Haki ambayo ni lazima uiombe kwa ofisa, naye akaweza kukunyima, haibaki kuwa haki. Raia anatakiwa kutoa taarifa ili polisi wajue na walinde usalama. Hatakiwi kuomba kibali. Mwaka 1995 sheria ya polisi ikarekebishwa, na mpaka leo inataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo, saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Ofisa anaweza kuzuia akiridhika kwamba amani itavunjika, na aliyezuiwa anaweza kukata rufaa kwa waziri.

Kibali na taarifa ni maneno mawili yanayoishi mbalimbali, ijapokuwa karatasi zake zinafanana. Anayeomba kibali anasimama kama mtumwa mbele ya bwana. Anayetoa taarifa anasimama kama jirani mbele ya jirani: nitapita hapa, saa fulani, kwa sababu fulani, tafadhali tusaidiane. Kibali humfanya mwenye mamlaka kuwa hakimu wa neno. Taarifa humfanya kuwa mlinzi wa njia.

Lakini sheria ikibadilika kwenye karatasi, mazoea hubaki. Mpaka leo watu husema wanaomba kibali cha maandamano, na wapo maofisa wanaojibu kana kwamba wameombwa. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa nchi nzima kwa tamko, na zuio hilo likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Vyuoni nako ziko kanuni zao, na mwanafunzi anayetaka kuitisha mkusanyiko hupitia serikali ya wanafunzi na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kanuni hizo zina faida yake, kwa maana madarasa na maktaba vinahitaji utulivu. Kinachopaswa kuulizwa ni kama ofisi hiyo inapanga mahali na muda, au inachuja mawazo.

Maandiko na mlango wa Wittenberg

Sisi Walutheri tusishangae sana habari hizi. Kanisa letu limetokana na mwalimu wa chuo kikuu aliyetaka jambo lijadiliwe. Tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alizituma hoja zake 95 kwa Askofu Mkuu Albrecht pamoja na barua ya heshima. Mapokeo yanasimulia kwamba siku hiyo alizibandika pia kwenye mlango wa kanisa kule Wittenberg, mlango uliotumika kama ubao wa matangazo ya chuo. Kwa hiyo alifuata desturi ya msomi: alitangaza mjadala na akamwarifu mkubwa wake. Wakubwa hawakujibu hoja. Waliuliza ana mamlaka gani ya kusema.

Katika kitabu chake cha mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia, Luther alifundisha kwamba watawala wana upanga kwa mpango wa Mungu, ili waovu wazuiwe na watu wakae kwa amani. Lakini alifundisha pia kwamba upanga huo haufiki kwenye roho ya mtu, na kwamba mtawala akikosea, Mkristo hampigi vita bali anaikiri kweli na kubeba matokeo yake. Warumi 13 na Matendo 5 zinakaa katika Biblia moja.

Zipo habari mbili katika Maandiko zinazofaa hapa. Ya kwanza ni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Walidai urithi wa baba yao, ambaye hakuacha mtoto wa kiume. Musa angeweza kuwauliza nani amewaruhusu wanawake kusimama pale. Hakuuliza hivyo. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema binti hao wamesema sawa. Sheria ya Israeli ikaongezwa kwa sababu mkubwa alisikiliza kwanza.

Ya pili ni Matendo 19. Demetrio, mfua fedha wa Efeso, aliona Injili inaharibu biashara yake ya sanamu, akawachochea mafundi wenzake. Mji ukachafuka, watu wakakimbilia ukumbini, wakapiga kelele muda wa saa mbili. Luka anaeleza kwamba wengi hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Aliyeokoa siku ile alikuwa karani wa mji. Hakuita askari. Aliwatuliza, akawaambia kwamba mahakama zipo, baraza halali lipo, na mwenye neno alilete huko.

Habari ya Selofehadi inawaonya wenye mamlaka, na ile ya Efeso inawaonya waandamanaji. Mkusanyiko ambao watu wake hawajui wamefuata nini, unaotukana, unaochoma na kuwapiga wasiojiunga, hauwezi kujitetea kwa jina la haki. Na karani yule aliweza kuwatuliza watu kwa sababu alikuwa na mlango wa kuwaonyesha. Penye mahakama na baraza linalosikia, ghasia hukosa kuni. Pakifungwa milango yote, karani angesema nini?

Gharama yake ni damu

Tusidhani haya ni mabishano ya wasomi. Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2018, katika Kinondoni yetu hii, polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani walioandamana siku ya mwisho ya kampeni za uchaguzi mdogo wa ubunge. Risasi ikampata binti aliyekuwa ndani ya daladala. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Hakuwa akiandamana. Alikuwa abiria. Watu waliokuwa wakibishana juu ya nani ana haki ya kupita barabarani walikuwa hai jioni ile, na yeye hakuwa hai.

Mwezi uliofuata Baraza la Maaskofu wa KKKT lilitoa ujumbe wa Pasaka wenye kichwa Taifa Letu, Amani Yetu, uliogusa amani, haki na uhuru wa watu kutoa maoni. Kisha ofisi ya Serikali inayosajili vyama ikaliandikia Kanisa ikitaka ujumbe huo ufutwe, na ikahoji uhalali wa baraza lenyewe kuutoa. Barua hiyo ilipojulikana kwa watu mwezi Juni, waziri mwenye dhamana alitangaza kwamba haina nguvu. Jambo likaisha, lakini lilitufundisha. Swali walilozoea kuulizwa vijana wa Mlimani sasa liliulizwa kwa maaskofu: nani amewaruhusu?

Tumwambie nini kijana wetu?

Nafikiri tunaweza kumwambia mambo matatu kwa moyo mweupe.

Kwanza, ajue anachokisema. Kabla ya kubeba bango, aweze kulieleza kwa bibi yake aliyeko kijijini, na bibi aone kwamba ni kweli. Madai ya mtu kujipatia mwenyewe si dhambi, lakini hayana uzito sawa na kumsemea asiye na sauti. Wale wa 1978 wanatukumbusha hilo.

Pili, atoe taarifa mapema, kwa maandishi, kwa heshima, akitaja njia na saa. Asione kwamba ni unyonge. Nehemia alikuwa na agizo la Mungu moyoni, na bado alimwomba mfalme barua za kuwaonyesha maliwali wa ng'ambo ya Mto. Taarifa ni upendo kwa mama ntilie ambaye meza yake iko njiani, kwa mgonjwa anayekimbizwa Mwananyamala au Temeke, na hata kwa askari kijana ambaye naye ana mama kanisani.

Tatu, akijibiwa hapana bila sababu ya haki, asichukue jiwe. Aende kwenye rufaa, aende mahakamani kama alivyokwenda Mtikila, aandike, aseme, na kama dhamiri inamtuma kusema hata akiwa amekatazwa, awe tayari kuadhibiwa bila kumdhuru mtu. Mitume walichapwa, wakatoka barazani wakifurahi, na kesho yake walikuwa hekaluni wakifundisha. Hawakumpiga mlinzi wa hekalu.

Nasi wazazi na wazee tuna neno letu. Tunapenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Lakini historia hii inaonyesha kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huivunja nyumba nzima. Tuanzie nyumbani. Katika sharika zetu, vijana wakileta hoja juu ya mapato na matumizi, au juu ya muda wa ibada yao, je, tunaanza kwa kuuliza wamesema nini, au tunaanza kwa kuuliza nani amewatuma? Kanisa haliwezi kuidai Serikali sikio ambalo lenyewe halina kwa watoto wake. Baraza la wazee linaloweza kumsikiliza kijana wa kidato cha nne hadi amalize linaifundisha nchi zaidi ya waraka wowote. Kijana aliyezoea kusikilizwa hapo, akifika Mlimani atajua kusema bila kutukana, kwa sababu hajawahi kulazimika kupiga kelele ili asikike.